Alama Sita za Masomo

Oulu, Februari. Theluji imeziba madirisha ya ukumbi.
Daktari Kemppi, miaka sitini na mbili,
anatafuna kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Dawa ya kutuliza, anasema mkufunzi, tone kwa tone:
mgonjwa asizame, aelee tu,
aitwe jina aitike.

Kemppi anamkumbuka bibi Lempi
aliyewataja ng'ombe wake mmoja mmoja, nusu usingizini,
huku kamera ikikata kona ya utumbo mpana
na kukuta kinyama, punje ya dengu,
saratani ambayo haijajijua.

"Nani kati yenu amepimwa?"

Kikohozi.
Vijiko vinakoroga vikombe vitupu.

Ukumbini, nje ya mlango, anapiga simu hospitali yake mwenyewe.
"Jina la mgonjwa?"
Anachelewa kuitika.