Palipokuwa na Duka la Redio

Managua nyumba hazina namba.
Ukiulizwa unakaa wapi, unajibu:
palipokuwa na sinema ya Golondrina,
vitalu vitatu kuelekea ziwani, kimoja na nusu juu,
geti la kijani.
Juu ni jua linakotoka. Chini, linakozama.
Ziwani ni kaskazini, hata pale usipoliona ziwa.
Na sinema yenyewe ililazwa na tetemeko kabla sijazaliwa,
lakini bado ndiyo inayotuonyesha njia.

Kazi yangu ni kuyageuza maneno haya kuwa tarakimu.
Kampuni hupeleka mitungi ya oksijeni majumbani:
wagonjwa elfu moja mia moja na arobaini,
na madereva wapya, vijana,
wasiomjua marehemu yeyote.

Siku ya kwanza niliilisha kompyuta orodha nzima.
Ikatafuna, ikatema.
Watu mia sita ikawatupa sifuri, sifuri,
kule baharini ikweta inapokatana na mstari wa Greenwich,
hakuna kisiwa, hakuna geti,
boya tu, linapima upepo.
Nikamwona doña Eufemia Rostrán na kitanda chake
anaelea, mrija puani,
anauliza mtungi wake umefika wapi.

Basi tukaanza upya, mlango kwa mlango, mimi na Yahoska wa pikipiki.
Yeye husimama kizingitini na kifaa, ananisomea kwa simu:
kumi na mbili nukta moja tatu saba nne,
na katikati ya tarakimu mbwa anabweka,
hasi themanini na sita nukta mbili,
ngoja, nyamaza wewe! nukta mbili sita tisa.
"Halafu geti si la kijani," anasema. "Ni la buluu."
Nyuma yake sauti ya doña Eufemia, pumzi moja moja:
"La kijani. Wamelipaka rangi tu."

Wiki ya tatu niliipanga orodha upya,
kila mtu chini ya kile anachohesabia kutoka.
Duka la dawa lililohamia León: watu kumi na tisa.
Kisima cha Mjerumani: thelathini,
na hakuna hata mmoja aliyemwona Mjerumani, wala kisima.
Kisha, palipokuwa na duka la redio la Baltodano:
arobaini na watatu.

Baltodano ni mimi.
Baba alilifunga duka miaka kumi na moja iliyopita,
naye akalifuata mwezi Machi.
Aliuza betri kwa mkopo.
Redio ya mtu ilimshinda siku nne, na alipoipatia dawa
akakataa malipo, maana ugonjwa ulikuwa mende.
Hakutuachia nyumba. Hata kaburi tunalilipia kodi.
Kumbe alikuwa ameacha hili:
watu arobaini na watatu
hawafiki kwao bila kupitia kwake.

Nilikwenda mwenyewe.
Siku hizi wanaziba pancha pale.
Kijana akaniuliza gurudumu liko wapi, nikamwambia sina,
akarudi kwenye beseni lake la maji kutafuta mapovu.
Nikasimama ilipokuwa kaunta,
kifaa kwenye kiganja,
nikisubiri setilaiti zikubaliane.
Zilichukua muda. Harufu ya mpira,
na mahali fulani, redio, si nzuri sana,
inahitaji mtu aifungue.

Ofisi inataka tarakimu tano baada ya nukta.
Ya tano ni kama mita moja, yatosha kwa pikipiki.
Ya sita ni upana wa kiganja.
Niliiandika ya sita.

Jana don Evenor, msimamizi, amepita mezani
akauliza kwa nini mstari mmoja umechomoza nje ya safu.
Nimemwambia nitaukata.
Kwanza namaliza hawa arobaini na watatu:
kutoka pale, viwili chini, kimoja ziwani,
nyumba yenye ngazi.