Sekunde Sita

Saa kumi na moja kasorobo, alfajiri ya Februari,
barabara ya Seljord imeganda kama sahani.
Nyuma trei kumi na mbili za mikate,
harufu ya hiliki na siagi hadi kwenye vioo,
na injini (bado nasema injini, mazoea)
haisemi neno.

Ndipo moyo wangu nao ukanyamaza.

Sikuona kiza kikishuka.
Nilikuwa nikiwaza ankara ya sukari,
kisha sikuwa nikiwaza.
Mguu ukabaki juu ya kanyagio,
mzito, usio na mwenyewe.

Watu husema kufumba na kufumbua.
Huo ni mwendo wa konokono.
Kabla ukope haujafika nusu ya safari yake
boneti ilikwisha jikunja ilivyofundishwa kujikunja,
mkanda ukanirudisha kitini
kama mwalimu wa hesabu aliyenidaka kola nikitoroka,
na ule mfuko uliokaa miaka minne ndani ya usukani,
umekunjwa, haudai hata shukrani,
ukafutuka, ukanipokea uso,
ukanywea.

Niliamka katika unga.
Nikadhani niko kazini, nimepasua gunia,
nikamwita Gunnvor alete ufagio.
Lakini unga huu ulinuka baruti,
na vidole gumba viliniwasha kama nimegusa tanuri,
na mbele, karibu mno,
msonobari ulisimama na jeraha la manjano
ukinitazama.

Tarjei wa zimamoto,
niliyemuuzia maandazi tangu hajaota meno ya mbele,
alikata waya kwanza,
kisha ndipo akaniuliza jina.
“Unalijua,” nikamwambia.
“Nalijua. Lakini taja.”
“Halldis.”
Akageuka, akajifanya anatafuta koleo.

Ajali haina kinga, kweli.
Huu mfuko haukuizuia.
Ulingoja tu ajali imalize kusema
ili nami nibaki na la kujibu.

Siku mbili nililazwa Skien, nyaya kifuani.
Siku mbili gari nalo lilitengwa
uani kwa Oddvar mvuta magari,
hatua ishirini kutoka kwa mengine yote,
maana betri iliyogongwa huweza kuwaka
watu wakishasahau.
Mimi napimwa mapigo, lenyewe lapimwa joto.
Hakuna aliyewaka.

Akaja mkaguzi na karatasi yake,
kumbukumbu iliyotolewa katika kijisanduku chini ya kiti.
Sekunde sita, akasema.
Kasi: sabini na moja.
Mkanda: umefungwa.
Kengele ya kuacha njia: imelia mara mbili.
Kanyagio: limekanyagwa.
Breki…
akasugua pua.
Breki, hakuna.

Niliisikiliza kama mtu anayesomewa
barua aliyoiandika usingizini.
Mara mbili liliniita.
Kwa miaka sitini na moja hakuna aliyeniita mara mbili
nisiitike.
Sekunde hizo ni zangu, nikasema,
ila aliyeziishi ni gari.
Mkaguzi hakuwa na kisanduku cha kuandika hilo.

Sasa nina kijibetri chini ya mtulinga.
Nacho hakisemi neno.
Leseni iko kwa daktari, mikate anapeleka Gunnvor,
anazima redio yangu, anasogeza kiti changu mbele.

Jumamosi nilikwenda uani kwa Oddvar
kuchukua chupa ya chai na glavu moja.
Mfuko ulikuwa umening'inia usukanini
kama fulana iliyosahauliwa kwenye kamba.
Nikaushika. Ni kitambaa tu, chepesi,
nisingeushonea hata aproni.

Na katikati yake, wekundu kidogo:
rangi ya mdomo aliyonipa Ylva Krismasi,
niliyoipaka siku ile kwa mara ya kwanza,
sijui kwa nini, nani hupaka rangi kupeleka mikate.
Midomo yangu,
imefunguka kidogo,
kama ya mtu aliyekatizwa
akitaja bei.