Ukurasa Mmoja

Nilipewa mia nane na nauli ya kutoka Kondele
nikae kushoto kwa mpiga piano, nimgeuzie kurasa.
Kazi ndogo: unasimama, unashika kona, unafunua, unakaa.
Usipumue kwa kelele. Usivae bangili.

Swafia Wangatia akanikabidhi karatasi.
Moja.
Nyuma yake tupu, ila duara la kikombe cha chai.
"Zingine?"
"Ni hiyo tu. Inarudi."

Alizaliwa Mumias, ng'ambo ya kiwanda.
Alifunzwa muziki mara mbili, anasema:
usiku wa Alhamisi, babake na wenziwe katika halka,
mikono imeshikana, dhikri ikipanda kutoka kifuani
hadi jina linabaki pumzi, hu, hu;
na kuvuka barabara, rola za kinu
zikiponda miwa bila kuuliza saa.
Kinu kilipozimwa, mtaa mzima uliumwa masikio.
Wale wa Uturuki, wenye majoho meupe,
aliwaona ukubwani, kwenye simu yenye ufa.
Hakushangaa. Alisema: kumbe kuna wengine.

Sasa Kisumu, Jumamosi usiku,
mabati ya ukumbi bado yana joto la mchana.
Nyawade na selo yake, shingo imeungwa kwa gundi.
Violini mbili za kuazima. Odera na orutu, uzi mmoja.
Kwenye piano kibonyezo kimoja kimekufa,
fa ya juu; Swafia amekiandikia kimya.

Juu ya noti, kwa kalamu ya risasi:
*mkono wa kulia upokee, wa kushoto utoe.*
Chini:
*rudieni hadi msijue mlianzia wapi.*

Mara ya tatu nilikuwa nahesabu.
Ya tisa nikamsikia Odera akichelewa kusudi,
kama mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu,
na duara likapanuka kumngoja.
Ya kumi na ngapi sijui, stima ikapotea.

Feni ikazunguka kwa mazoea, ikalegea, ikaacha.
Wao hawakuacha.
Selo ilishuka hadi pale miwa inapopondwa,
violini juu yake zikawa jasho, au sukari,
sikuweza kutofautisha,
na ile fa iliyokufa, kila ilipofika zamu yake,
tuliisikia sote.

Mimi, mtoto wa Anglikana, nisiyejua hata Fatiha,
mkono wangu ulipanda wenyewe gizani,
ukashika kona,
nikageuza.
Nani angeona? Nikageuza tena.
Noti, chai. Noti, chai.
Mia nane zangu nilizifanyia kazi usiku ule,
noti, chai, noti,
mpaka vidole vikasahau upande upi ulikuwa na maandishi.

Stima iliporudi tulipepesa macho kama walioitwa majina.
Nyawade alikuwa akilia, au ni jasho.
Swafia amesimama palepale mlangoni, mikono imetulia,
uso wa mtu ambaye hajasogea hata hatua;
ila pindo la gauni lake
lilikuwa bado halijatua.