Mstari wa Kijani

Sheria inataka dakika tano za giza
kabla sijagusa chochote.
Nakaa ndani ya mapazia meusi.
Nje, Winnipeg imeshuka nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
magari yamechomekwa umeme ukutani
kama wagonjwa wa dripu.
Macho yangu yanajifunza upya.

Diski ya turbini imeoshwa, imechovywa rangi,
imefutwa, imepakwa unga mweupe.
Imepaa na kutua mara elfu tisa,
mara elfu tisa imekaangwa, ikapoa,
na karatasi yake inasema: nzima.
Karatasi huandikwa na watu.
Chuma hujiandikia chenyewe.

Nawasha taa ya urujuani.
Mitaro ya kupachikia mapanga ni hamsini na minane,
naipitia mmoja mmoja
kama anayechambua mchele wa wageni.

Mama alinipigia kutoka Makambako:
Hasa unafanya kazi gani huko?
Natafuta nyufa.
Jana umepata ngapi?
Hata mmoja.
Akanyamaza, akanionea huruma.
Na wanakulipa, mwanangu?

Mtaro wa arobaini na moja.
Kitu cha kijani,
chembamba kuliko ukope.
Nakifuta kwa brashi,
kinarudi taratibu, kama jasho.
Nafuta tena.
Kinarudi.

Bohdan anafungua pazia bila kubisha.
Injini inangojewa Ijumaa.
Anauliza urefu. Milimita moja na nukta mbili.
“Moja na nukta mbili,” anarudia,
kwa sauti ya mtu anayeomba apunguziwe bei.
Si mtu mbaya. Majira yangu ya kwanza ya baridi
alinivua kijikoti changu cha mtumba
akanivisha koti lake.
Lakini agizo halijui habari za koti.
Limesema ufa wowote,
halikusema ufa mkubwa.

Kwetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ufa hauzibwi.
Hauchomelewi, hausuguliwi, haupakwi rangi.
Diski itakatwa vipande vinne
asije mjanja akaiuza tena,
na sahihi yangu itakuwa kwenye cheti cha kifo chake.

Jumamosi kuna mjamzito wa Thompson
atakayeletwa kusini kujifungua,
kwa ndege nyingine, saa sita baadaye,
miguu imevimba, akilaani shirika zima.
Alaani tu.
Sitamjua, wala yeye hatanijua,
na mtoto atapewa jina lisilotuhusu.

Nagonga muhuri wangu, namba ishirini na saba,
wino mwekundu.
Dalisay, mwanagenzi wangu, anahesabu kwa vidole:
imebaki mitaro kumi na saba.
“Si imeshakataliwa? Tunaendelea ya nini?”

Huenda huu una ndugu, namwambia,
na diski dada zake bado ziko angani.
Funga pazia, ukae.
Bohdan ametuingizia mwanga,
itabidi tuanze tena:
dakika tano
za giza.