Tanuri la Watawa

Ijumaa ndiyo siku yangu pekee isiyo na unga kwenye kope.
Nikavuka kutoka Umm al-Quwain na Sher Dil, mlinzi,
kwa boti yake ya plastiki, mnandi wakitupisha shingo upande.

Nilidhani nitaona kuta. Nimeona magoti ya kuta:
matumbawe, lipu iliyobanduka,
hakuna kinachofika kifuani.
Atakaye kuingia kanisani humu
aruke tu, kama mbuzi.
Mimi nikazunguka, nikapita palipokuwa mlango.
Baba alikuwa katekista kule Bura;
mkono wangu ukatafuta maji ya baraka
kabla sijauzuia.

Kisha vyumba vyao.
Kimoja nimekipima kwa ndara: hatua nne kwa tatu.
Chetu, nyuma ya duka la mikate, ni nne kwa nne,
na tumo watano na jokofu.
Samahani, ee mtawa. Nilikuja kukuhurumia.

Sher Dil asema wachimbaji hawakuona dalili ya vita,
wala mlango uliovunjwa.
Basi siku moja walibaki wanane,
siku nyingine watatu,
kisha mmoja, akioka mkate wa mmoja,
akisema "Bwana awe nanyi", halafu akijijibu.
Huyo ndiye anayenisumbua.
Nani alimfumba macho?

Na hapa, nyuma ya ukumbi, tanuri.
Hili halikuhitaji kibao.
Limeupa shamali mgongo.
Nikapiga magoti, nikaingiza mkono hadi kiwiko:
aliyelijenga alijua kazi,
sakafu imeinuka kidogo kwa nyuma
ili moto usilale.
Letu la gesi, la bwana Naseer,
huunguza upande wa kushoto tangu mwaka juzi.
Kidole kilitoka na weusi.
Masizi, au uchafu tu wa ndege, sijui, sikuuliza.
Nilikipangusa ndani ya mfuko wa suruali,
si kwenye mchanga.

Adhana ya alasiri ikavuka maji, vipande vipande.
Sher Dil akatandika koti kwenye kivuli cha kanisa,
kivuli cha kumtosha aliyesujudu,
si aliyesimama.
Nikakaa kando, ndara mkononi.
Baba aligonga kipande cha reli kuita watu.
Siku ya mazishi yake niliisikia reli hiyo
kwenye simu, spika imewashwa,
simu imeegemea mfuko wa chumvi,
mikono yangu ndani ya unga.

Tulikula mikate ya jana na jibini ya pembetatu.
Makombo yake aliwatupia mnandi, wakayadharau.
Yangu niliyaacha kwenye mdomo wa tanuri.
Usiniulize kwa nini.
Boti inawashwa. Saa nane za usiku
chachu itakuwa imefura,
na bwana Naseer hataki mtu wa kupiga miayo.