Mkono Begani

Machi, Ujiji, harusi ya Mwavita.
Bibi Tausi Feruzi akanionya: "Mimi usinipige,
sina meno ya mbele."
Nikampiga.

Juni, madawati ya msaada pale Gungu.
Mfadhili kakalia moja, katabasamu,
watoto arobaini juani
wanasubiri niridhike.

Agosti sikulipwa. Watu walichangia damu, nami nikachangia,
kamera akaishika nesi.
Zote zimetoka ukungu.

Oktoba wakanigongea usiku:
"Bibi katutoka. Hatuna picha yake hata moja."

Ninayo.
Nikamkata bwana harusi, nikaikata keki na mapambo,
ila mkono wa Mwavita ukabaki begani kwa Bibi,
hina mpaka kiwikoni.

"Niufute?"

"Uache," akasema Mwavita.
"Nilikuwa namshikilia asikukimbie."