Chaki kwenye Nguzo

Magunia arobaini na matatu.
Nimeyaandika kwa chaki kwenye nguzo ya nyumba,
mstari kwa gunia,
hapa Kbal Tuol, upande wa Battambang,
ambako nyumba husimama kwa miguu mirefu
kama korongo wanaoogopa kulowa.

Kabla lori halijaja, nafuta.
Nafuta kwa kidole nilichokitia mate.
Mistari minne: mashine ya kuvuna.
Dereva hakuzima injini tulipokuwa tukibishana,
na kelele zikampa ushindi.
Ishirini siigusi. Ni midomo saba, na tumbo halina likizo.
Miwili ni mbegu; naizungushia duara
kama uzio wa kuku anayetaga.
Mmoja wa pagoda, nadhiri ya mama mkwe
tangu Thoeun alipopona mguu.
Mmoja harusi ya binti wa Phally:
bahasha ya waridi imeshafika, na bahasha hairudi tupu.

Kumi na mitatu ni ya mkopo.
Kijana wa mkopo ana shati lenye nembo na adabu nyingi.
Hati ya shamba letu inalala kwenye faili lake la buluu.
Tarehe ishirini na tano yake
haijawahi kuuliza mvua ilinyesha lini.

Yanabaki mawili.
Mawili! Nayatazama kama watoto mapacha.
Haya ndiyo nitakayouza mimi.
Mengine yanauzwa na watu wengine kwa mikono yangu.

Rithy, mdogo wangu, anapiga simu kutoka sokoni:
"Dada, ng'ambo ya mto wanatoa elfu na hamsini!"
Nasikia tabasamu lake.
Namuuliza: lori la nani, petroli ya nani?
Simu inakwaruza, salio linakatika.
Bei ya mbali haichemshi chungu.

Mwaka juzi tulivuna hadi ghala likatapika;
kila mtu alivuna, na bei ikalala chini
kama mbwa wa adhuhuri.
Mwaka jana Thoeun akasema, tusubiri, itapanda.
Tulisubiri. Panya hawakusubiri.
Kisha homa ya Sreyleak, usiku wa manane,
magunia manne yakaenda kwa bei aliyoitaja mwenye gari.
Ilipanda, hiyo bei.
Wiki mbili baadaye.

Jioni Kimlay anashuka kwenye lori lake.
Anachukua punje moja, anaitia kwenye gego,
anafumba macho kama anayesikiliza redio.
"Mbichi."
Neno moja tu, na kilo ya riel mia tisa
inakuwa ya mia saba na themanini.

Ningeanika, ndiyo.
Sakafu ya saruji sina, turubai langu ni chujio,
na wingu limekaa juu ya kilima tangu alfajiri
kama mdai aliyekataa kuondoka bila chai.

Narudi kwenye nguzo.
Magunia kumi na matatu ya mkopo
sasa yanataka kuwa kumi na tano.
Nawatafuta mapacha wangu.
Gego limewala.

Bahasha ya Phally nayo itakuwa nyembamba kidogo.
Ataiinua kwenye mwanga, atanyamaza;
yeye pia ana nguzo, ana chaki.

Mwezi wa nane, midomo saba itakapomaliza ishirini yake,
nitakwenda dukani kwa Kimlay na kikapu kidogo.
Huko mpunga wangu utakuwa umebadili jina,
unaitwa mchele,
mweupe, umepimwa, hauna tope wala mtu.
Nitachukua punje moja,
nitaitia kwenye gego,
nitafumba macho.

Mkavu, Kimlay.
Mkavu kabisa.
Haya, taja bei.